Vifaranga wa Shimoni na Kuku wa Bi Biubwa

Saa kumi jioni Nuria alitoka kiwandani Zegereni na kiroba begani, akapita shimo bila kusimama, akaenda moja kwa moja kwa Bi Biubwa. Kirobani mlikuwa na vifaranga madume wa siku ile. Kiwanda kinatotolesha kuku wa mayai, na jogoo hatagi. Kwa hiyo dume akishajulikana anatupwa kirobani, na kazi ya Nuria ilikuwa kupeleka kiroba shimoni na kufukia. Wakiwa hai, ndiyo, wakilia. Siku ile roho ilimkataa.

"Shikamoo, bibi. Yule kuku wako bado amelalia mayai viza?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Bado, na anamdonoa kila anayemsogelea. Kichwa ngumu kama wanaume wa kwetu Kisarawe. Lete hao."

Kwa haraka zake Nuria akataka kuwamwaga vifaranga mbele ya kuku, mchana kweupe. Bi Biubwa akamchapa mkono.

"We mtoto! Kuku akiwaona si wake, anawaua."

Akamfunika kuku kwa tenga, akatandaza kanga juu yake mpaka humo ndani kukawa giza. Akachota majivu ya kiotani, yale yanayowekwa kuzuia utitiri, akawapaka vifaranga migongoni ili wanuke kiota. Kisha akapenyeza mkono: anatoa yai, anaingiza kifaranga, anatoa yai, anaingiza kifaranga. Mayai yakaisha, yeye akaendelea kuingiza. Kuku akanung'unika kidogo, halafu akaanza kuita kwa ile sauti ya chini ya mama mtu. Amekubali.

Alikuwa kuku wa kienyeji wa kawaida, upana wake hauzidi sahani ya wali, lakini kiroba kizima kilienea chini yake na hakuna mguu uliobaki nje. Bi Biubwa alisema kuku yule ana nafasi, akaenda kuchochea moto.

Jua lilipoanza kuzama wakaja wengine. Walitokea upande wa shimo, wamefuatana kando ya barabara ya malori, udongo umewaganda migongoni. Walikuwa wa juzi, wa mwezi uliopita, wa masika yaliyopita. Laurensia, jirani, aliyekuwa akipita na ndoo kichwani, alisimama akawapisha, kisha akaendelea zake. Nuria aliwatambua. Aliwafukia mwenyewe, kwa koleo lake. Akalia kwa sauti, kwa aibu.

"Utalia baadaye," Bi Biubwa alimwambia, akimsogezea majivu. "Hao nao wapake."

Akawapaka mmoja mmoja, nao wakaingia chini ya kuku.

Asubuhi alikuja Evance, msimamizi wa zamu, kijana anayevaa kitambulisho shingoni hata akienda kunyolewa.

"Nuria, madume ni mali ya kampuni mpaka wafe. Ndiyo utaratibu. Warudishe nikawafukie, usije ukaharibu kazi yako bure."

"Hawarudi ng'o!"

"Yaani unagombania takataka?"

"Kama ni takataka, wewe umefuata nini?"

"Kuku mwenye watoto halengwi jiwe, baba," Bi Biubwa akadakia.

Evance akajibu kwamba yeye hana jiwe, ametumwa tu. Akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya kuku. Ukazama hadi kiwiko, ukazama hadi bega. Akatoa kifaranga, akatoa mwingine. Kiroba kikajaa, akaazima ndoo, nayo ikajaa, na chini ya kuku kelele ziko vilevile. Kuku alimdonoa shavuni, kama ambavyo angemdonoa yeyote.

"Huyu ana udongo mdomoni," alisema Evance, akimgeuza kifaranga kwenye mwanga. "Huyu alishakufa."

"Basi si mali ya kampuni," Nuria akasema.

Evance akafikiri. Kweli, utaratibu ulikuwa huo. Akamwomba Nuria amtengee walio hai na waliokufa, maana wote wana majivu, na wote aliowashika walikuwa na joto.

"Sijui," Nuria alisema. "Na ningejua nisingekwambia. Mlipokuwa mnanipa niwafukie hamkuuliza nani mzima. Leo ndiyo unauliza?"

Evance aliwarudisha wote chini ya kuku, akapangusa magoti. "Basi kesho usije kazini."

"Thubutu! Nani alikwambia nilikuwa naja?"

Walikua. Waliokufa walichelewa kidogo kuota manyoya, lakini nao walikua, na sasa wote wanawika kwa pamoja zamu ikiingia. Kiwanda kilipeleka malalamiko serikali ya mtaa. Mwenyekiti, mzee Mwinyimadi, akajibu kwamba jogoo kuwika si kosa. Kiwanda kikanunua king'ora cha zamu kikubwa zaidi, na koleo akapewa mwanamke mwingine.

Halafu wakachimba shimo jipya, ndani ya ukuta, wakalijengea zege na kulifunika kwa mfuniko wa chuma. Madume wa wiki ile wakamwagwa humo. Jioni yake mfuniko ukaanza kugongwa kutoka ndani, midomo midogo, tik, tik, tik, ikasikika mpaka barabarani. Mlinzi alikuwa ameagizwa asifungue. Nuria alikwenda akasimama nje ya geti, akajishika kiuno, akapaza sauti.

"Gongeni, wanangu! Gongeni, wawasikie!"

Mlinzi akaongeza sauti ya redio. Wakagonga.