Pole za Akiba

Kampuni ya redio ambayo mjane aliachiwa na mumewe ilikuwa imeyeyuka kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya beseni. Enzi za marehemu ilikuwa na vituo sita, kila kimoja na mnara wake, mlinzi wake na mtangazaji wake wa kujidai. Kisha wafanyabiashara wakahamishia matangazo yao kwenye simu za watu, na vituo vikauzwa kimoja baada ya kingine, mpaka kikabaki hiki cha nyumbani: vyumba vitatu juu ya duka la magodoro, na ngazi ya chuma inayolia kila unapoikanyaga.

Na humo ndani alikuwamo wifi yake, dada wa marehemu, aliyekuwa akiwaamsha watu wa mji ule tangu mnara uliposimikwa. Watu walimwita Mama Kumekucha. Alikuwa na sauti nzito, ya mtu aliyekwisha kunywa kikombe cha kwanza cha chai na hana haraka na cha pili.

Wanunuzi walipokuja, wawili, kutoka kampuni kubwa ya mbali, walipita chumba hadi chumba wakigonga kuta kama wanaonunua tikiti maji. Wakasema kituo watakichukua, lakini kitaendeshwa na kompyuta kutoka kwao huko. Mjane akajikaza, akaomba wifi yake abaki. Wale wakanong'onezana, kisha mwenye miwani akajibu, tena kwa upole kabisa, "Mama, sauti ibaki. Mshahara ndio uondoke."

Walitaka salamu zirekodiwe: za kila siku ya wiki, za mvua, za jua, za sikukuu, na pole za misiba. Mjane alijua neno la kusema pale. Badala yake akauliza wanazitaka lini.

Kwa wifi yake alikwenda na maneno mengine. Alimwambia ni akiba tu, siku akiugua au akisafiri, redio isije ikakaa bubu. Wifi akafurahi kama aliyeposwa.

Siku ya kurekodi wifi alikuja na gauni lake la harusi za watu, na hereni juu.

"Unakwenda wapi na hereni kwenye redio?" mjane alimuuliza.

"Sauti nayo huvaa, wifi. Ndiyo maana yako imekaa uchi."

Walizima feni kwa sababu ya mngurumo wake. Chumba kilikuwa kidogo, kuta zimebandikwa trei za mayai kumeza mwangwi, na mlangoni limegongomelewa zulia kuukuu lililokuwa sebuleni kwa mjane alipokuwa bibi harusi. Vitufe alibonyeza mjane mwenyewe, maana fundi mitambo alikwisha kuachishwa kazi.

Jumatatu ikapita, Jumanne ikapita. Jasho lilikuwa likiwatiririka, lakini ilipofika zamu ya mvua wifi aliomba shuka, akajitanda mabegani, akajikunyata mpaka akatetemeka kweli, ndipo akawaambia wasikilizaji wachukue miavuli na wasiwasahau watoto. Mjane aliinamia mitambo ili asimtazame usoni. Mtu anakuchimbia shimo lake mwenyewe, tena anakuuliza kama linatosha.

"Sasa zimebaki pole za misiba," mjane akasema.

Wifi akasogelea kipaza sauti. "Poleni sana wafiwa," akaanza, kisha akasita. "Nani kafa?"

"Hakuna. Ni ya akiba."

"Na jina?"

"Jina watalitia wao."

"Wao kina nani?"

Mjane akapeleka kidole kwenye kitufe cha kuzimia, asikibonyeze. Taa nyekundu ilikuwa bado inawaka, mashine inarekodi kimya chao chote. Juu ya kiti kilekile wifi alimtangaza kaka yake siku aliyofariki: jina, ukoo, saa ya mazishi, bila kukwaruza hata neno moja, kwa kuwa alisema kaka yake hawezi kusomwa vibaya. Mjane alikuwa nyumbani akisikiliza, na sauti ile ndiyo iliyomshika mkono siku ile.

Wifi akavua hedifoni, akaiweka mezani polepole. "Ungeniambia tu, wifi. Ningekurekodia hivi hivi."

Laiti angemtukana. Tusi mtu hulijibu, au hulilia. Neno lile lilikuwa halina pa kulishika.

"Asubuhi zangu chukua," wifi akaendelea, akikunja shuka pembe kwa pembe. "Mvua chukua, jua chukua. Ya msiba sikupi. Mtu akifa, asomwe na mtu."

Neno hilo mjane alilipeleka kwa wanunuzi, na safari hii hakuinama. Walinung'unika, wakapigiana simu, mwisho wakakubali robo saa mchana, matangazo ya vifo, kwa malipo ya kibarua. Akatia saini. Saini ilitoka nzuri, na hilo nalo likamwaibisha.

Sasa asubuhi wifi huja kunywa chai kwa mjane, kwa kuwa hana pengine pa kuamkia. Siku moja, jua linachoma mpaka bati linalia, redio ya dirishani ikawaambia watu wachukue miavuli.

"Mwongo mkubwa huyo mwanamke," wifi akasema, akipuliza chai yake.

Mjane alicheka, kicheko kikakatikia njiani. Akanyanyuka akaizime.

"Mwache," wifi akamwambia. "Ana kazi yule."

Mchana wifi huvaa vizuri, hupanda ngazi ya chuma, hukaa mbele ya kipaza sauti kungoja mwenye msiba. Kuna siku hupata tangazo, akalisoma kwa ile sauti yake, na mjane huko nyumbani mabega yakamshuka. Na kuna siku haji mtu. Muziki wa kompyuta hupiga mpaka robo saa ikaisha, naye akateremka bila kufumbua mdomo.

Siku moja ya namna hiyo mjane alikuwa akichambua mchele, sikio kwenye redio, muziki hausimami. Akajikuta anawapitia wagonjwa wa mtaani mmoja mmoja: yule seremala aliyelala muda mrefu, yule bibi wa nyumba ya kona. Aliposhtukia anachokitafuta, mkono ukamfia ndani ya ungo.

Lango likalia. Wifi akaingia, viatu mkononi, hereni bado masikioni.

"Leo hakuna aliyekufa, wifi," akasema.

"Pole," mjane akamjibu.

Neno lilikuwa limekwisha kutoka. Wifi akamtazama, akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama wafiwa wanavyopokea.

"Asante," akasema, akavuta kiti, akakaa.