Mshono Usio na Uzi

Karatasi ya mfuko wa saruji hutoa sauti yake inapochomwa sindano: sauti kavu, ya kukera, kama ukucha juu ya bati. Kafedha alikuwa ameizoea. Aliketi mbele ya cherehani ya pekee ya kituo cha mafunzo ya ushonaji, mgongo umelowa jasho chini ya mabati ya Mishomoroni, akikanyaga pedali na kufuata mstari uliochorwa kwa mkaa. Sindano haikuwa na uzi. Haikupata kuwa nao tangu mafunzo yalipoanza. Nyuma yake wanawake walingoja zamu. Kila aliyemaliza aliinua karatasi yake dirishani ili vitundu vionekane, na Madamu Mercyline, mkurugenzi wa kituo, akaamua kama mstari umenyooka.

"Kwanza mguu, kisha jicho," Madamu alipenda kusema. "Uzi mtaukuta kwenye cherehani zenu wenyewe."

"Tunashona hewa," alinong'ona Lavender, msichana wa bara aliyepanga chumba Bombolulu. "Siku ya kuhitimu si tutavaa upepo, maze!"

Wenzake wakacheka. Kafedha alitabasamu tu. Alikuwa ameacha kazi ya kufua nguo za watu kule Mkomani ili aje hapa. Madamu ni mzaliwa wa Kisauni na muumini wa kanisa lao. Alisimama madhabahuni akaahidi, mbele ya msalaba, kwamba kila mwanamke atakayehitimu atarudi nyumbani kwake na cherehani. Kanisa zima likaitikia amina.

Juma la mwisho aliwaagiza watafute wateja mapema, kwa kuwa mgeni kutoka kwa wafadhili angeuliza. Kafedha akatii. Mama Winfred, mwenyekiti wa kwaya, akamletea jora la kitambaa cha zambarau kwa majoho ya Pasaka.

"Mwanangu, hiki ni kitambaa cha michango ya wajane," alisema. "Usituaibishe."

Kafedha alikitandaza juu ya mkeka, akapima, akakata: migongo, vifua, mikono. Alikata kwa mkono usiotetemeka. Kitambaa kikishakatwa hakirudi dukani, na yeye hakuona sababu ya kukirudisha.

Siku ya kuhitimu, cherehani mpya zilipangwa chini ya hema, kila moja imefungwa utepe mwekundu. Wanawake walikuwa wameamriwa kuja na hando, sketi ya asili ya Kimijikenda. La Kafedha lilikuwa la marehemu bibi yake, zito kwa marinda.

"Madamu, na hando hili nitakanyagaje pedali?"

"Mgeni amekuja kuona utamaduni. Utacheza kwanza. Kushona ni baadaye."

Wakacheza, juani, mpaka mgeni wa wafadhili, mzee mpole mwenye miwani myeusi, alipochoka kupiga makofi. Kisha akasema angependa kumwona mmoja wao kazini. Madamu akamnyooshea Kafedha kidole.

Kafedha akaketi. Akatoa kikapuni mabega ya joho la kwanza, yameshikizwa kwa pini, na kijigurudumu cha uzi wa zambarau alichojinunulia mwenyewe. Alikuwa analamba ncha ya uzi aipitishe sindanoni pale mkono wa Madamu ulipoufunika wake. Uso wa Madamu ulibaki ukitabasamu kuelekea kamera.

"Weka huo uzi."

"Abee?"

"Utachelewesha, na mgeni ana mkutano mwingine. Shona kama ulivyofundishwa."

"Madamu, hili ni joho la kwaya. Si karatasi."

"Kafedha. Unaitaka cherehani au huitaki?"

Akashona. Pedali mpya ilikuwa nyepesi, sindano kali. Ikapita juu ya zambarau kutoka shingoni hadi ukingoni bila kuacha kitu. Makofi yakarindima.

"Umenyooka kama rula!" alisema mgeni, naye hakukigusa kitambaa.

Vumbi la magari ya msafara wa mgeni lilikuwa halijatua, lori moja likaja kinyumenyume hadi hemani. Masha, utingo wa lori, akaanza kupakia. Wanawake walidhani wanapelekewa mizigo majumbani. Mmoja alikwisha kuanza kumwelekeza njia ya kwake. Kafedha akaishika cherehani aliyoshonea.

"Kaka, hii ni yangu. Mimi naishi hapa nyuma tu, nitaibeba kichwani."

"Mama, toa mkono nisikuumize. Hizi zinakwenda Likoni. Wenzenu wanahitimu kesho."

"Nao watapewa?"

Masha akamtazama, kisha akatazama chini. "Watapewa kama mlivyopewa nyinyi."

Madamu akaja upesi. "Mmekabidhiwa kwa niaba ya jamii. Nani aliwaambia ni za kubeba nyumbani?"

"Wewe," alisema Kafedha. "Madhabahuni. Nasi tukasema amina."

"Mdomo huo ndio unaowabakiza katika umaskini. Masha, pakia!"

Lavender akaokota bonge la udongo, akalirusha kwa nguvu zake zote. Likapiga turubai la lori, likapasuka, likawa vumbi.

Jioni ile Kafedha alizunguka kwa mafundi wa barabarani kuomba kuazima cherehani. Ilikuwa msimu wa Pasaka. Hakuna fundi aliyeinuka kitini kumpisha. Aliporudi alimkuta Mama Winfred mlangoni, amelitoa joho la kwanza kikapuni, anachomoa pini moja moja. Pini ya mwisho ilipotoka, joho likaachana. Kifua kikabaki mkono huu, mgongo mkono ule.

"Hapa palishonwa?"

"Palishonwa, mama."

"Uzi uko wapi?"

"Nilikatazwa."

Mama Winfred alipitisha kidole juu ya vitundu. Alikuwa ameiona picha ya Kafedha kwenye cherehani mpya. Simu za kanisa zima zilikuwa zimeiona.

"Pasaka haitungoji," alisema. "Utaleta majoho, au utaleta kitambaa kizima. Sitakwenda kuwaambia wajane habari ya kukatazwa."

Asubuhi Kafedha aliketi kizingitini na sindano ya mkono. Hando lilikuwa kambani nyuma yake. Gari likasimama mbele ya nyumba, kioo kikashuka.

"Kafedha!" Sauti ya Madamu ilikuwa tamu. "Tusahau ya jana. Leo Likoni kuna wafadhili wengine, nao wamependa picha yako. Vaa hando, twende ukawasimulie jinsi cherehani ilivyobadilisha maisha yako. Ukisema vizuri, nitakufikiria."

Kafedha hakuinua kichwa. Alikuwa ameanza begani, akipitisha uzi katika matundu yale yale ya jana. Yalikuwa yamekaribiana mno kwa sindano ya mkono. Ilimbidi aruke moja, achome jingine, avute. Kila aliloliruka lilibaki wazi, na mwanga ukapita humo ukamdondokea magotini.

Honi ikalia. Akachoma, akavuta.

Honi ikalia tena.