Saa ya Baba Iliyopauka

Kwetu Kabuchai, mtu akishazikwa ukoo hukaa kugawa vitu vyake, na sisi mabinti hupewa kinachobaki. Siku ya kugawa vya baba yetu Absalom, kilichobaki kilikuwa saa ya mkono.

Zilikuwa mbili za aina moja. Ujanani baba aliwapimia wazungu mbio za farasi huko Endebess, na mwenye shamba alipoondoka alimwachia zote. Kila moja ilikuwa na vijisaa vitatu vidogo ndani ya uso, na vitufe viwili pembeni: bonyeza, mshale unaanza kukimbia, bonyeza tena, unasimama. Moja baba aliifungia kabatini. Nyingine aliivaa juani miaka na miaka, mpaka uso wake mweusi ukawa rangi ya chai ya maziwa.

Kaka yangu Levi akajichukulia ya kabatini. Ile iliyopauka akainyanyua ukoo wote ukiona, akacheka.

"Hii mbovu apewe Joan. Na asije kesho kudai yangu. Kilichogawiwa kimegawiwa."

Nilikasirika, sikatai. Nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika, na Levi hakuchoka kuniambia nitafute pa kwenda, ati boma ni la wanaume. Sasa hapo pa kwenda ndipo nilikuwa sina. Lakini saa nikaivaa. Mgongoni mwa saa baba alikuwa amechora herufi A kwa msumari, imepinda kama mwandiko wake wote, na nikiigusa nilitulia.

Levi alitaka kung'ara kanisani. Akapeleka yake mjini Bungoma, akaamuru ipigwe msasa, iwekwe mishale mipya na uso upakwe rangi upya. Ikarudi inamulika watu macho, ingawa mishale ile mipya ilikuwa inasimamasimama. Akasema nami nipeleke yangu, namwaibisha. Nilimjibu kwamba mkono ni wangu, na huyo fundi wake hatafuta herufi ya baba nikiwa hai.

Wahenga hawakukosea: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Picha ya saa ya Levi ilitembea kwenye simu za watu mpaka ikamfikia Mzee Kagwe wa Kitale, ambaye kazi yake ni kutafutia matajiri saa za zamani. Akaja. Aliikagua kwa kioo chake cha kukuzia, akapumua, akamwambia Levi kwa upole kwamba ilikuwa saa ya thamani kubwa kabla haijasuguliwa, lakini sasa kilichobaki ni bati tu.

Mimi nilikuwa namimina chai. Mzee akaona mkono wangu, chai akaisahau. Aliniomba niivue, akaigeuzageuza polepole, kisha akaniuliza kama kuna fundi aliyewahi kuigusa. Nikamwambia hayupo.

"Mama, hii ndiyo watu wanatafuta," akasema. "Mishale ni ile iliyotoka nayo kiwandani. Pembe hazijasuguliwa. Na huu uso umegeuzwa na jua la hapa, hata ukitafuta dunia nzima hupati mwingine wa rangi hii."

Nikamwuliza kama ile herufi ya msumari haijaiharibu. Akasema hiyo inaonyesha saa ilikuwa na mwenyewe, tena aliyeifanyia kazi.

Mzee alipotaja bei, Levi alisimama. Akaanza kueleza kwamba saa ni mali ya boma, kwamba mgawanyo ule ulifanywa kwa haraka, ukoo ukae tena. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimtukane. Senge Agneta, dada yake baba, alikuwa pale anachambua mboga. Hakuinua hata kichwa.

"Levi, ulisema mwenyewe mbele ya ukoo. Kilichogawiwa kimegawiwa."

Na kwetu neno la siku ile halimezwi. Levi akakaa.

Nilimpa Mzee Kagwe saa huku nalia, sioni aibu kusema. Lakini leo niko Tuwan, hapo Kitale, kwenye ploti yenye jina langu, ndani ya nyumba yenye mlango ninaoufunga mwenyewe. Ee baba, ulinipa pa kwenda!

Levi huja kunisalimia, na chai namwandalia vizuri, damu ni damu. Saa yake bado anaivaa, bado inang'aa. Akishakaa sawasawa, namwuliza taratibu: "Kaka, saa hizi ni saa ngapi?"

Naye hutia mkono mfukoni, akatoa simu.