Majukwaa Mawili ya Harrow Bend

Verlin Stroud hakuwa na shahada. Hakuwa na suti. Ile aliyoapishwa nayo ilikuwa ya kuazima, na mikono ya koti ilimfikia chini kidogo ya viwiko. Hakuwa na macho ya kuendesha gari jioni, hakuwa na ulimi mwepesi, na tangu Septemba hakuwa na mke. Alichokuwa nacho ni kiti kimoja kati ya sita katika tume ya kuchora upya maeneo ya uchaguzi ya jimbo letu: watatu wa chama chenye nembo ya tembo, watatu wa chama chenye nembo ya punda. Wenzake wa tembo walimteua kwa sababu alikuwa fundi mstaafu wa kinu cha chakula cha mifugo, mtu mpole, asiyetazamiwa kupinga.

Ramani haikuweza kupita bila kura nne. Wajumbe wawili, mmoja wa kila chama, walikuwa wamekwisha kuikataa kwa sababu za kwao, hivyo kura ya nne ikawa ya Verlin. Na ramani ile iliukata mji wetu wa Harrow Bend kwa kufuata mto: mashariki iende kwa mbunge wa tembo, magharibi kwa mbunge wa punda. Kila chama kingepata kiti kisichotikisika, ndiyo maana vilipatana haraka. Sisi tulitaka kubaki pamoja. Wodi ya wazazi ya hospitali yetu ilikuwa karibu kufungwa, na mbunge mwenye nusu ya mji hawezi kuupigania mji mzima.

Tume ilikuja kutusikiliza katika ukumbi wa mpira wa kikapu wa shule. Mmoja baada ya mwingine tulishika kipaza sauti tukasema sisi ni mji mmoja. Lakini tulikuwa tumekaa kama tulivyozoea tangu shule mbili za zamani zilipounganishwa: wa mashariki kwenye majukwaa ya watazamaji ya kulia, wa magharibi kushoto, sakafu tupu katikati. Hakuna aliyelifikiria jambo hilo, isipokuwa mwanasheria wa tume, Bi Haverkamp. Alipiga picha. Waliporudi mji mkuu aliionyesha ukutani, akaeleza kwa upole kwamba hizi ni jamii mbili, zimejigawa zenyewe.

Verlin, mwenyeji wa mashariki ya mto, alikohoa. "Mimi na mke wangu tulikaa hivyo miaka yote," alisema. "Yeye kushoto na watu wake, mimi kulia. Mechi ikiisha tunarudi nyumbani na gari moja."

Preston Gault, kiongozi wa upande wake, alitabasamu. "Pole sana kwa kifo cha Lorna, mzee wangu. Lakini gari lenu halimo kwenye sensa."

Walicheka kidogo, bila ubaya. Kura ya awali ikaitishwa, na mkono wa Verlin ukapanda pamoja na mingine. Aliutazama kama mkono wa mtu mwingine. Ikabaki kura yenyewe: kila mjumbe alipewa karatasi ya kwenda nayo nyumbani, aweke alama ya ndiyo au hapana, atie saini, airudishe kwa posta.

Aliyempa lifti ya kurudi ni jirani yake wa ng'ambo ya mto, Dale Ruskin, mtu wa magharibi.

"Kwa hiyo nikija kwako kuazima ngazi, mheshimiwa, nibebe pasipoti?"

"Ngazi imevunjika."

"Basi hata sina sababu ya kuvuka," Dale alisema.

Gault alipiga simu akamkumbusha kwamba akikataa, ramani itakwenda mahakamani, na majaji wanaweza kutukata vibaya zaidi. Verlin alikubali kwamba ni kweli. Karatasi ikakaa mezani, kando ya chumvi.

Ijumaa kulikuwa na mechi ya mpira wa kikapu. Alikwenda kwa miguu. Mlangoni akapinda kushoto, akapanda majukwaa ya magharibi, na mazungumzo yakafifia. Bernadine, dada yake Lorna, alimtazama juu mpaka chini.

"Umepotea, shemeji."

"Sijapotea."

"Watu wako wanatutazama kule. Watasema nimekutorosha."

"Waache waseme."

Bernadine alitazama mchezo kidogo. Kisha akauondoa mkoba wake juu ya mto wa kukalia uliokuwa kando yake, mto wa Lorna. "Kaa, basi. Ila huku hatupigi kelele kama nyinyi. Huku tunatazama mpira."

Alikaa. Alisubiri uchungu uje, haukuja. Aliona tu kwamba kutoka pale nafasi yake mwenyewe ilionekana wazi, ng'ambo ya sakafu, tupu kati ya watu. Lorna alikuwa akiitazama nafasi ile kila Ijumaa.

Asubuhi aliweka alama kwenye hapana, akatia saini. Chini yake akaandika kuhusu ile picha: "Tulikuwa tunatazamana." Aliikunja karatasi, akalamba gundi ya bahasha, akaibonyeza kwa kidole gumba mpaka ikashika. Ladha ya gundi ilimbaki ulimini. Akatoka kwenye theluji na viatu vya ndani, akaitia bahasha katika sanduku la barua kando ya barabara, akakiinua kibendera chekundu cha ubavuni mwake ili tarishi asipite bila kuichukua.