Chupa Kifuani

Dawa ya Udval iliganda, na aliyeigandisha ni baba yake.

Muuguzi wa wilayani alimpa baba huyo, Damdin, chupa za insulini za msimu mzima, bure, kama serikali inavyowapa watoto wote wenye maradhi ya kudumu. Akamwambia aziweke penye baridi. Sasa, mfugaji wa Mongolia ukimwambia penye baridi, anajua pahali pamoja tu: banda la nje, linakoning'inia nyama ya kuliwa mpaka majani yachipue. Humo kitu hakiozi. Damdin akazifunga chupa kwenye kitambaa safi, akazitundika katikati ya mapande ya kondoo, akarudi hemani kunywa chai, roho yake kwatu.

Insulini ikiganda kisha ikayeyuka, kwa macho huoni tofauti, ila nguvu imekwisha. Tsermaa, mkewe, aliendelea kumdunga binti yao kama kawaida. Udval akaanza kunywa maji kama ngamia, kisha akatapika, kisha akawa haamki. Walimpakia kwenye gari la shemeji, wakaikata theluji mpaka hospitali ya mkoa. Akapona. Alikuwa na miaka tisa.

"Nyama na insulini uliziweka banda moja?" aliuliza Daktari Gerelmaa.

"Banda moja."

"Na nyama ikoje?"

"Nyama nzima, daktari."

"Basi mdunge mtoto nyama."

Daktari akasema mtoto hatoki mjini mpaka kwao papatikane pa kuweka dawa. Tsermaa akabaki na binti nyumbani kwa dada yake, na Damdin akarudi peke yake kwa mifugo.

Hema likawa kubwa. Asubuhi alimimina chai bakuli tatu, akazinywa zote mwenyewe kwa sababu kumwaga chai ni mkosi. Mbwa wao, Asar, alikuwa akienda kulala kwenye njia lilikopotelea gari, na jioni ilibidi akaitwe. Damdin alikuwa akipanda kilimani, ndiko simu inakoshika.

"Baba, Hongor anakula?" Hongor ni mwanafarasi wake wa rangi ya mchanga.

"Anakula kuliko wewe."

"Mtu asimpande."

"Nani ampande? Ana kichwa kigumu kama mwenyewe."

"Huku dirishani kuna ukuta tu, baba. Njoo unichukue."

"Nitakuja."

Akaanza kutafuta pa kuweka dawa. Alijaza maji kwenye chupa ndogo tupu, akaiweka karibu na jiko: usiku ikachemka, alfajiri moto ukafa, ikawa barafu. Akaiweka kwenye sanduku la nguo, ikaganda. Ndani ya unga, ikaganda. Mwishowe akaitia kifuani, chini ya kanzu nzito, ngozi kwa chupa, kama wanavyobebwa wanakondoo waliozaliwa kabla ya wakati. Alilala nayo. Alichunga nayo siku ambayo ndege walianguka kwa baridi. Maji hayakuganda.

Mwezi Mweupe, yaani mwaka mpya wao, ulipokaribia, akaenda mjini, maana sikukuu hiyo haisherehekewi bila mtoto. Udval alikuwa mlangoni kwa mama yake mkubwa, kavaa kanzu na viatu vya sufi, begi miguuni.

"Kavaa hivyo tangu alfajiri," Tsermaa alisema. "Hata uji kaunywa kasimama."

Wakaenda wote hospitali. Damdin akaitoa chupa kifuani, akaiweka mezani kwa daktari.

Gerelmaa akaitikisa. Maji yakacheza. Akaishika mkononi kitambo.

"Ina joto," akasema. "Hongera, kaka. Hili sikulitegemea."

"Basi naondoka naye."

"Dawa nakupa leo hii, na kila msimu nitakupa. Mtoto ni wako, sikuzuii. Niambie kimoja tu. Akizimia tena, theluji ikiwa nyingi, unamfikisha hapa baada ya muda gani?"

Damdin alitaka kusema usiku mmoja. Midomo ilikuwa tayari. Akamtazama Tsermaa, naye Tsermaa alikuwa akitazama sakafu.

"Siku mbili," akasema. "Tatu, gari likikwama."

"Safari ile mlitumia moja."

"Safari ile theluji ilikuwa haijazidi."

Daktari akamrudishia chupa yake.

Kibarazani Udval alikuwa ameshabeba begi mgongoni. "Twende, baba. Asar anangoja."

Damdin akapiga magoti mbele yake, akaanza kumvua viatu. Udval akakivuta nyuma kimoja, akakivuta tena, kisha akaacha.

"Hongor je?" aliuliza.

Baba yake aliendelea na kiatu cha pili.

Majani yalipochipua, Damdin akahamia mjini na kupata kazi ya kupakia makaa. Dawa haikumgharimu kitu. Kondoo na mbuzi wote waliuzwa. Ng'ombe wakaenda kwa shemeji. Farasi saba waliuzwa, na Hongor wa nane. Zizi la mawe alilolijenga babu yake lilibaki wazi kwa yeyote atakayelitaka. Na Asar, aliyekataa kupanda gari, aliachwa njiani palepale alipokuwa akingojea.