Madumu ya Shemeji Anold

Koleta alikuwa anageuza maharage aliposikia harufu ya petroli. Mwanzo alidhani pikipiki imepita njiani. Lakini njia ilikuwa tupu, mvua ndiyo kwanza ilikuwa imekatika, na harufu haikuondoka. Ilizidi, mpaka macho yakaanza kumwasha.

Jiko lake lilikuwa limeegemezwa kwenye stoo, ukuta mmoja wa udongo ukivitumikia vyote viwili. Wiki tatu zilizopita Anold, mdogo wa marehemu mume wake, alikuja kuiomba ile stoo aweke mbolea na mbegu za mahindi. Akaifunga kwa kufuli lake mwenyewe. Koleta hakuuliza. Kiwanja kilikuwa cha ukoo wa mume, na mjane hamuulizi shemeji maswali mengi.

Aliinama. Chini ya ukuta, pale udongo ulipomomonyoka, kulikuwa na uzi mwembamba wa maji ulioingia jikoni taratibu, rangirangi kama mgongo wa mjusi. Ulikuwa umebakiza hatua nne kufika kwenye mafiga. Moto ulikuwa unawaka vizuri, kuni kavu za mkaratusi.

"Mana yanje," alimwita Mungu wake, kwa Kirundi cha utotoni mwake.

Miguu ilikataa kusogea. Alitazama ule uzi ukikizunguka kijiti, ukakusanyika kidogo, ukaendelea. Kisha akakumbuka kwamba mjukuu wake, Kaneza, alikuwa amelala chumba cha pili. Mtoto huyo wa miaka minne alikuwa ameachwa kwake na mama yake, Jenista, aliyekwenda kulima Nyamahanga. Hapo ndipo miguu ilipoamka. Alimkwapua mtoto na shuka lake, akatokea mlango wa nyuma, akakimbia hadi dukani kwa Mwanaisha, upande wa pili wa njia.

"Mshike! Usije na mtoto! Petroli imevujia jikoni, na moto unawaka!"

Mwanaisha alimpokea Kaneza, akamkabidhi kwa mteja mmoja mama mtu mzima, akatoka mbio nyuma ya Koleta.

"Mama Jenista, umesahau nini huko? Acha iungue!"

Koleta mwenyewe hakujua kwa nini alikuwa anarudi. Baadaye alisema aliwaza nyumba za jirani zilivyobanana, na watoto wa shule ambao saa hiyo hukatisha uani kwake kila siku. Lakini wakati ule hakuwaza. Aliiona ndoo ya maji mlangoni, akainyanyua.

"Siyo maji!" Mwanaisha alipiga kelele. "Petroli inaelea juu ya maji, utausogeza moto! Baba aliuza mafuta ya taa miaka yote, nakuambia. Udongo! Leta udongo!"

Wakachota udongo wenye majimaji migombani, Koleta kwa karai, Mwanaisha kwa beseni la kufulia. Karai la kwanza Koleta alilimwaga mbele ya ule uzi, akaujengea tuta. Alipokuwa amepiga magoti hapo, ukuni mmoja ulipasuka nyuma yake, na cheche ikaruka ikaangukia sakafu karibu na kidole chake cha mguu. Alifumba macho. Alingoja. Alipofumbua, ile cheche ilikuwa imekuwa nukta nyeusi kwenye udongo.

Karai la pili, la tatu, la nne, yote yalikwenda juu ya moto, sufuria ya maharage ikiwa papo hapo. Moshi mzito ulijaa. Waliendelea kumwaga hadi mafiga yakazama yote, kisha wakatoka nje wakikohoa. Koleta akagundua kwamba amejikojolea. Hakuona haya.

Lakini harufu bado ilikuwa inatoka stoo. Koleta alichukua jembe alivunje lile kufuli. Mwanaisha akamdaka mkono.

"Chuma kwa chuma, dada? Ikitoa cheche?"

Wakasimama wakilitazama kufuli, wasijue la kufanya, na ndipo wakasikia pikipiki inapanda kilima. Wote wawili walikimbia kuielekea huku wakipunga mikono. Anold alizima injini mita hamsini kabla ya nyumba, amekunja uso.

"Kuna nini? Mnawaita watu?"

"Fungua stoo, shemeji," Koleta alisema.

Alifungua. Hakukuwa na gunia hata moja la mbolea. Madumu ya njano yalipangwa hadi karibu na dari, na moja la chini lilikuwa limepasuka kwa uzito wa wenzake. Anold alilitoa, akaliegemeza kwenye mgomba, akafuta mikono kwenye suruali.

"Limekwisha hilo. Yaliyobaki yanavuka mpaka kesho. Nyamazeni tu."

"Kaneza alikuwa amelala chumba cha pili, Anold!"

"Sasa kafa?" Alishusha sauti. "Sikiliza, shemeji. Ng'ambo watu wanalala kwenye foleni ya mafuta siku tano, sita, na wanarudi na dumu tupu. Dada yako Iradukunda si ndiye aliyembeba mtoto kwa baiskeli kwenda hospitali, kwa sababu gari la wagonjwa halikuwa na mafuta? Ulilia hapa hapa. Mimi nawapelekea. Serikali mbili zikishindwa kuelewana, mtu atafanya nini?"

Ni kweli Koleta alilia. Na ni kweli kwamba mtoto wa dada yake alifika hospitali akiwa amechelewa, akapona kwa bahati.

"Namtuma Mwanaisha akamchukue mtoto," alisema mwisho. "Halafu naenda kwa mtendaji."

Anold alicheka, lakini hakuwa na furaha.

"Nenda. Atakuuliza wewe kwanza umetoka wapi. Ulikuja kambi ya wakimbizi ya Lukole na godoro kichwani, na mpaka leo kitambulisho huna. Atawapigia uhamiaji. Halafu kiwanja hiki atakaa nani?"

Hofu ya pili ilimshika Koleta, na hii ilikuwa mbaya kuliko ya moto. Moto ulikuwa na udongo wa kuuzima. Alitembea hadi ofisi ya kijiji akiwa na matope hadi magotini, na mara mbili alisimama njiani ageuke.

Mtendaji, mzee Rogasian, alikuwa anakula muhogo.

"Shikamoo, mtendaji."

"Marahaba. Mbona hivyo, mama?"

Alisema yote kwa pumzi moja: stoo, madumu, mtoto, na jina la Anold. Kisha, kabla hajaulizwa, akasema, "Na mimi kitambulisho sina. Nilizaliwa ng'ambo. Niko hapa zaidi ya miaka thelathini."

Rogasian aliuweka muhogo chini.

"Hilo nitaliandika, sina budi," alisema. "Lakini tutaanza na petroli."

Mgambo walipofika, Anold alikuwa ameondoka. Madumu yalibebwa, na Koleta aliitwa Ngara mjini mara mbili. Mara ya kwanza alikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi saa kumi, akiamini hatarudi. Ofisa alimwuliza jina la baba yake, mwaka aliovuka, jina la kasisi aliyemfungisha ndoa Rulenge. Mara ya pili alipewa karatasi yenye namba na mhuri, akaambiwa asubiri. Bado anasubiri.

Ukoo ulikaa. Wapo waliotaka aondoke, kwa kuwa amemchongea mtu wa damu yao. Mama mkwe wake, Felisita, akasema, "Aliyekuwa aungue ni kitukuu changu. Anayetaka Koleta atoke, anitoe mimi kwanza." Kikao kikaishia hapo.

Anold alirudi baada ya mwezi, amekonda, akatozwa faini. Siku moja walikutana kisimani, wawili tu. Koleta aliweka ndoo chini, mkono mmoja ukiokota jiwe bila yeye kuuambia.

"Shemeji," alisalimu.

Anold alitazama maji.

"Kaneza hajambo?"

"Hajambo."

Anold aliitikia kwa kichwa, akajaza dumu lake maji, akapanda kilima. Koleta alingoja mpaka akapotea kabisa ndipo akaliachia jiwe.