Kioo Ndani ya Jicho la Wamboga

Mama wenzangu wa Mpumudde, na hata nyinyi wa Nalufenya mnaojiona wajanja, nawaandikia kabla mtu hajawatia watoto wenu kioo ndani ya jicho. Msicheke. Wangu aliponea chupuchupu.

Wamboga wangu haoni mbali. Alipokuwa mdogo alikuwa akimwamkia mbuzi wa jirani kwa heshima zote, akidhani ni shangazi yake. Kuldip, fundi wa miwani pale mjini Jinja, akampimia miwani minene, tukamshukuru Mungu. Lakini mwaka ule wa 1956 ulikuwa mwaka wa imbalu, tohara yetu sisi Wagisu, naye umri umefika. Ilibidi arudi kwetu Mbale, acheze ngoma na njuga mapajani, kisha asimame uwanjani akatwe mbele ya watu wote bila kupepesa jicho. Ukipepesa, aibu yako itasimuliwa mpaka kwa wajukuu.

Hofu hiyo ndiyo Joash aliyoishika. Alikuwa Mkenya, muuza dawa za macho sokoni, Kiswahili chake kinateleza kama mafuta. Akamwambia mwanangu, "Ndugu yangu, miwani ni ya wazee. Ulaya siku hizi kioo kinatiwa ndani kwa ndani. Ukiwa nacho hupepesi hata wakukate na shoka. Umewahi kuona dirisha likipepesa?"

Mtoto akarudi nyumbani uso unang'aa. "Mama, Alhamisi natiwa kioo."

"Na nani?"

"Joash. Mwenyewe anavyo viwili."

Nilikimbia kwa Kuldip hata mshipi wa gomesi, vazi langu, sijaufunga sawasawa. Akanikalisha. "Mama Wamboga, si uongo wote. Kuna daktari London ameanza kutia lenzi ndani ya jicho. Lakini ni kwa mgonjwa wa mtoto wa jicho. Anatoa ile iliyoingia ukungu, anaweka ya plastiki, na hata madaktari wenzake wanambishia. Macho ya kijana wako hayana ugonjwa huo, yanataka miwani tu. Huyo wa sokoni akitia kitu mle, utamshika mkono maisha yake yote."

Sasa nifanyeje? Kijana wa imbalu ukimkataza jambo, ndiyo umemtuma. Basi nikamwalika Joash kuja kula kuku.

Alikuja na kofia yake, akiniita mama yake wa pili. Nikasema sebule inavuja, karibuni jikoni. Wakakaa yeye na Wamboga karibu na meko, mimi nikasimama mlangoni.

"Bwana Joash," nikamuuliza, "hivyo vioo vyako havisumbuliwi na moshi?"

"Moshi? Mama, mimi jua lenyewe natazamana nalo mpaka linaona haya."

"Afadhali," nikasema, nikatupa motoni pilipili kavu za kujaa kiganja, nikaruka nje.

Banange! Joash alikohoa, akapiga chafya, akapepesa kama kuku aliyemwagiwa maji. Alitafuta mlango akapata kabati la vyombo. "Mama, unaniua! Macho yangu!"

"Yapi, bwana? Ya kioo?" nikamwuliza kutoka uani. "Dirisha linalia?"

Alitoka kwa magoti, kofia akaiacha, kuku akamwacha. Nikachungulia kumtazama mwanangu. Alikuwa ameketi palepale, machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni, macho ameyakodoa, hataki kukosa hata kidogo jinsi Joash anavyotambaa. Kisha akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mama, wewe ni mchawi."

"Na wewe Alhamisi unakwenda wapi?"

"Siendi popote," akasema. Halafu kicheko kikamwisha. "Lakini Mbale nitasimamaje?"

Tukapanda basi hivyo hivyo, kila mtu na hofu yake.

Siku yenyewe mama hakai uwanjani. Mimi nilikuwa ndani ya nyumba, nimekumbatia nguzo kama mtu anayejifungua, ndivyo desturi yetu. Mara dada yangu Nanyama akaingia anahema, na miwani ya Wamboga mkononi.

"Wazee wamegoma! Wanasema inamulika jua, hawawezi kujua kama anapepesa. Wamemvua."

"Wamemvua? Si hataona kitu!"

"Haoni, dada. Haoni ngariba, haoni kisu. Ameniuliza mbona watu wachache."

Akatoka mbio. Nikaibana nguzo mpaka kucha zikaingia kwenye mti. Nje vigelegele vikapasuka kijiji kizima, na Nanyama akarudi anacheka huku analia.

"Hakupepesa! Macho wazi, anatazama mbele kama anayesubiri basi. Ngariba amemaliza, anafuta kisu, ndipo mwanao anamwuliza, 'Mzee, tunamngoja nani?'"